Lugha ya Elimu ya Mazingira kwa Mtumishi Arudiye Chuoni

Kwa muda mrefu sasa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki vimekuwa vikipokea wanafunzi wa namna ya pekee. Hawa si vijana watokao shule moja kwa moja, bali ni watu wazima wenye kazi zao: afisa misitu wa wilaya, mhandisi wa maji, mkaguzi wa afya wa manispaa, mwalimu wa jiografia, mlinzi wa hifadhi, na pengine afisa mipango ambaye kila juma hupokea mezani pake maombi ya machimbo ya mchanga na ya viwanda. Baada ya miaka kadha ya utumishi huona kwamba mambo yawakabiliyo yamezidi elimu waliyoipata zamani. Basi huomba kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya mazingira, wengine wakiendelea na kazi zao, wengine wakiwa wamepewa ruhusa ya muda.

Makala haya hayakusudii kuifundisha sayansi hiyo. Yakusudia kueleza jambo moja lionekanalo dogo: kwamba mtumishi huyu husomeshwa kwa lugha moja, kisha hurudi kufanya kazi kwa lugha nyingine. Mihadhara, vitabu, mitihani na tasnifu yake ni kwa Kiingereza. Lakini mkulima, mvuvi, mfugaji na mchoma makaa, ambao ndio hasa watu wa kazi yake, husema naye kwa Kiswahili. Njia iliyo kati ya lugha hizi mbili huachiwa aitafute mwenyewe. Tutajaribu kuonyesha kwamba ni rahisi kupotea katika njia hiyo, na kwamba hasara ya kupotea haimfiki yeye peke yake.

Mwanafunzi na masomo yake

Masomo ya uzamili yana sehemu mbili kwa kawaida. Ya kwanza ni ya darasani: ikolojia, elimu ya udongo na ya maji, takwimu, sheria za mazingira, tathmini ya athari kwa mazingira, na siku hizi usomaji wa picha za ardhi zipigwazo na satalaiti. Ya pili ni utafiti, ambao mwanafunzi huufanya chini ya msimamizi na kuuandikia tasnifu. Kwa mtu asomaye muda wote, shughuli hii yote huchukua kama miaka miwili. Kwa asomaye huku akifanya kazi huenda ikazidi.

Ili kumfaa mtumishi, vyuo vimebuni njia mbalimbali: madarasa ya jioni, vipindi vya majuma machache wakati wa likizo, na elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejengwa juu ya njia hiyo ya mwisho. Elimu yenyewe ina mizizi ya zamani kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ofisi ya kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi iliundwa mwaka 1967, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ilianzishwa Unguja mwaka 1978, na chuo cha kilimo cha Morogoro kilifanywa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Kabla ya hapo vilikuwapo vyuo vya kazi, kama kile cha misitu cha Olmotonyi kilichoanza mwaka 1937, na kile cha wanyamapori cha Mweka kilichofunguliwa mwaka 1963. Na hata leo wako wengi waanzao huko kwa astashahada au stashahada, ndipo wakapanda ngazi.

Mwanafunzi wa namna hii ana udhaifu wake. Hesabu amezisahau, usiku huja amechoka, na ruhusa ya mwajiri haiijui masika wala kiangazi: aruhusiwapo kwenda kupima mmomonyoko wa udongo, mvua imekwisha. Lakini anayo mali moja asiyokuwa nayo kijana. Yeye huja na swali lake tayari. Hakulitoa kitabuni; amelikuta kazini, na mara nyingi ameambiwa na watu kwa maneno yao wenyewe. Mvuvi amemwambia kwamba dagaa hawaji kama zamani. Mfugaji amemwonyesha kisima kilichokauka. Swali hili, lililozaliwa katika Kiswahili, ndilo alifikishalo chuoni na kulivika Kiingereza. Na baada ya miaka miwili hutakiwa alivue vazi hilo ili aliyemwuliza apate jibu.

Neno mazingira

Tuanze na jina la elimu yenyewe. Neno mazingira limetokana na kitenzi zinga, yaani kuzunguka, ambacho ndicho kilichotupa mzingo na zingira. Kwa hiyo mazingira ni yale yamzungukayo mtu au kiumbe. Ni neno zuri, na latimiza maana ya kitaalamu bila kuongezewa kitu: hewa, maji, udongo, mimea, wanyama, na hata majengo na desturi za watu.

Walakini katika matumizi ya kila siku neno hili limepata maana nyingine iliyo nyembamba. Mwanafunzi wa shule ya msingi aambiwapo afanye usafi wa mazingira, hushika ufagio. Bango lililoandikwa “Tunza mazingira” mara nyingi husimama karibu na pipa la taka. Hivyo kwa watu wengi mazingira ni uwanja uuzungukao mji wao, na kuyaharibu ni kutupa takataka. Mtafiti aulizaye kijijini, “Je, mazingira ya hapa yameharibika?” aweza kujibiwa kwa haki kabisa kwamba la, hapa twafagia kila asubuhi, ilhali nyuma ya nyumba korongo lamega shamba kila mwaka. Mjibuji hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba neno moja lina maana ile ile darasani na uani.

Maneno yaliyoundwa

Elimu hii imekuja na mambo mengi mapya, na Kiswahili kimeyapatia majina kwa njia zake za kawaida. Njia ya kwanza ni kunyambua. Kutokana na chafua tumepata uchafuzi; kutokana na momonyoka, mmomonyoko; na kutokana na endelea tumepata kivumishi -endelevu, kwa mfano wa -tulivu na -vumilivu. Njia ya pili ni kuunganisha: ardhioevu ni ardhi iliyolowa, kama kinamasi au bonde la mafuriko, na tabianchi ni ile iliyokuwa ikiitwa tabia ya nchi. Njia ya tatu ni kukopa, kama ikolojia. Njia ya nne ni kukopa na kuunganisha pamoja, kama bayoanuwai, ambamo nusu ya kwanza imetoka Ulaya na nusu ya pili, anuwai, ni neno lenye asili ya Kiarabu tulilokuwa nalo tangu zamani kwa maana ya namna nyingi.

Kwa jumla maneno haya yameundwa vema, lakini mengine yadai uangalifu. Chukua maendeleo endelevu. Maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa endelea, hata msikilizaji asiyefundishwa husikia kama kwamba ni maendeleo yazidiyo kwenda mbele. Lakini wazo lililomo ni la mipaka: kutumia leo kwa kiasi ambacho hakitawanyima watakaokuja kesho. Neno lililotakiwa kumzuia mtu lasikika kana kwamba lamhimiza. Hatusemi liachwe, maana limekwisha enea. Twasema tu kwamba alitumiaye kijijini halindwi na neno peke yake, bali lazima alieleze.

Lenye hatari zaidi ni hewa ukaa. Waliolibuni waliangalia makaa, maana kaboni ndiyo iliyomo katika kaa la mti. Na kwa mwenye kujua kemia jina hilo ni la akili sana. Lakini asiyejua husikia kitenzi kaa, akafikiri ni hewa inayokaa mahali. Jambo hili lisingekuwa na uzito kama si biashara. Hivi sasa viko vijiji vipatavyo fedha kwa kuhifadhi misitu yao ili kaboni ibaki ndani ya miti na udongo. Huko Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wameendesha mradi wa namna hiyo katika mikoko tangu muongo uliopita, nao wauita Mikoko Pamoja. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Mtu aambiwaye kwamba kijiji chake kitauza hewa ana haki ya kuuliza: hewa ipi? Na tukiisha kuiuza tutavuta nini? Kwa hakika hewa haiuzwi. Kinachouzwa ni ahadi iliyopimwa na kuandikwa, kwamba tani kadha za kaboni ambazo zingetoka kwa kukatwa au kuchomwa kwa miti hazitatoka, au kwamba miti mipya imezivuta kutoka angani. Na ahadi hiyo yaweza kuwafunga watoto wa hao waliotia saini. Afisa asiyeweza kulieleza jambo hili kwa Kiswahili kilicho wazi huwaacha wenzake watie saini wasichokijua.

Maneno tuliyokuwa nayo

Upande wa pili wa habari hii ni wa furaha zaidi. Si kila jambo la elimu hii lilisubiri kuundiwa jina. Watu wa pwani, kwa mfano, wamekuwa na elimu kamili ya misitu ya maji ya chumvi. Mwanafunzi asomaye katika kitabu kwamba miti hii hujipanga kwa mikanda, kila namna mahali pake kwa kadiri ya kufunikwa na maji, ya chumvi na ya udongo, atakuta kwamba mkata miti wa Rufiji au wa Lamu ayajua hayo na ana jina la kila mti. Mlilana husimama mbele, ukielekea bahari. Nyuma yake ni mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui. Kisha huja msinzi, ambao mahali pengine huitwa muia. Na mkandaa, ambao gome lake lilitumika kwa kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchu huvumilia chumvi nyingi, hata huota mahali pa juu pafikiwapo na maji ya bamvua tu. Mkomafi watambulikana kwa tunda lake kubwa la mviringo. Hata gogo likatwalo lina jina kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo.

Sasa tazama jinsi lugha ipoteavyo hapa. Kwa kuwa mkoko ni maarufu kuliko yote, jina lake limekuwa jina la miti yote ya jamii hii. Na katika maandishi ya serikali na ya magazeti husemwa mikoko tu. Mbegu ya mkoko nayo ni ndefu kama fimbo, ni rahisi kuokota na kuchomeka matopeni. Basi itolewapo amri ya kupanda mikoko, watu hupanda mkoko, na kuupanda popote, hata katika tope la mbele ambapo ungestahili mlilana au usingestahili mti wowote. Katika Ufilipino kosa la namna hii lilifanywa kwa miaka mingi: mbegu za jamii ya mkoko zilichomekwa mbele ya bahari, mahali pa jamii ya mlilana na ya mchu, na sehemu kubwa ya miche ikafa. Sisi tunayo majina yanayotosha kutuzuia tusiwafuate. Yakisahauliwa majina, elimu iliyomo nayo husahauliwa.

Mfano mwingine watoka bara. Katika Usukuma wafugaji walikuwa na desturi ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, majani yakaota na kusimama, ndipo wakaifungua katikati ya kiangazi wakati ng’ombe hawana kitu. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Nchi ya Shinyanga ilikuwa imepoteza miti yake mingi, kwanza kwa ufyekaji uliofanywa wakati wa ukoloni ili kuwafukuza mbung’o, kisha kwa mashamba, kwa kuni na kwa wingi wa mifugo. Ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Watumishi wa mradi hawakuja na jina geni. Walilichukua neno la wenyeji na desturi iliyomo ndani yake, wakaiongezea nguvu. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne hii ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Neno lenyewe sasa limo katika maandishi ya wataalamu wa nchi nyingi. Wenye kupenda sarufi watatambua pia kwamba jina la mradi, kama lile la mwenzake wa Dodoma ulioanza mwaka 1973, limeacha kiunganishi: Hifadhi Ardhi, si Hifadhi ya Ardhi. Ufupisho huu wa HASHI na HADO ni wa watu wa kazi, nao ulitangulia maneno mengi ya kuungwa tunayoyaona leo.

Maswali ya utafiti

Mahali ambapo mwanafunzi hujaribiwa hasa ni katika hojaji. Huiandika kwa Kiingereza ili msimamizi aipitishe, kisha huitafsiri kwa haraka, pengine usiku mmoja kabla ya safari. Tutoe mifano mitatu ya yale yawezayo kutokea.

Wa kwanza ni wa viuatilifu, yaani vitu vya kuulia wadudu na magugu. Tuseme mtafiti amwuliza mkulima wa nyanya, “Mzee wangu, je, watumia sumu shambani?” Mzee hujibu, “La, mwanangu, sumu siitumii. Napiga dawa tu.” Kitu ni kimoja; lakini kwa mkulima sumu ni ya kuua mtu au panya, na kipigwacho mimea ni dawa. Katika karatasi za mtafiti mzee huyu atahesabiwa kuwa asiyetumia. Wakiwa mia wenye jibu hilo, takwimu zitakuwa sahihi kwa hesabu na uongo kwa maana. Lakini somo ni kubwa kuliko takwimu. Neno dawa lina rehema ndani yake: dawa hutibu, na dawa ikizidi kidogo mtu hadhani kuwa ameua. Iwapo kitu kiuacho chaitwa kwa jina la kiponyacho, si ajabu kama chupa yake tupu itatiwa maji ya kunywa. Kazi ya afisa ni kulijua neno la watu ili aelewe hatari ilipo, kisha kulieleza bila ya kuwadharau.

Wa pili ni wa majira. Wataalamu hutofautisha hali ya hewa, ambayo ni ya leo na kesho, na tabianchi, ambayo ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Hojaji huuliza, “Je, masika yamebadilika?” Lakini mahali penye misimu miwili ya mvua, masika ni ya Machi hadi Mei, na vuli ni ya Oktoba hadi Desemba, ilhali katika nchi ya kati, penye msimu mmoja uanzao mwishoni mwa mwaka, wako waitao msimu huo wote masika. Mtafiti aunganishaye majibu ya Tanga na ya Dodoma chini ya neno moja huwa amechanganya vitu viwili. Kadhalika tangu mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, elnino katika vinywa vya watu wengi ni mafuriko yoyote yale, si lile joto la maji ya Bahari ya Pasifiki ambalo mara nyingi hutuzidishia vuli.

Wa tatu ni wa ardhi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huita msitu eneo lizidilo nusu hekta, lenye miti ifikayo au iwezayo kufika kimo cha zaidi ya mita 5, na ambalo vivuli vya miti hiyo hufunika zaidi ya sehemu 10 katika 100. Kwa kipimo hiki sehemu kubwa ya miombo ni msitu. Lakini mwenyeji wa Tabora huenda akaiita pori, na kwake msitu ni ule mnene wenye giza. Mbuga nayo kwa wengi wa mijini ni mahali pa kutazamia wanyama. Kwa mkulima wa bara ni bonde la udongo mweusi lituamalo maji wakati wa mvua, tena lifaalo mpunga. Afisa atangazaye kwamba mbuga itahifadhiwa aweza kuwatisha watu kwa shamba lao, au kuwatuliza pasipostahili utulivu.

Sheria na mkutano wa kijiji

Mambo haya si ya darasani tu. Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira mwaka 1983, kisha ikapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 1999, na Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Katika nchi zote mbili miradi mikubwa haina ruhusa ya kuanza kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari, na wenyeji wana haki ya kusikilizwa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2005 zataka ripoti ya tathmini iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Na zile za Kenya za mwaka 2003 zataka tangazo la redio kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji.

Watunga sheria basi waliona kwamba haki isiyoeleweka si haki. Lakini sheria haiwezi kuuandika muhtasari. Huandikwa na mtaalamu, na mtaalamu huyu ndiye yule aliyerudi chuoni akasomeshwa miaka miwili bila ya kutakiwa aandike hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Matokeo yake ni maandishi ambayo maneno yake ni ya Kiswahili na sentensi zake si za Kiswahili, ambayo mwenyekiti wa kijiji huyasoma kwa sauti mbele ya watu, watu wakapiga makofi, kisha wakaulizana njiani ni nini kilichosemwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Shauri likifika mbele ya hakimu kuhusu mto uliotiwa taka za kiwanda, shahidi mtaalamu hatakuwa tena na mahali pa kujificha nyuma ya istilahi za kigeni.

Yapasayo kufanywa

Wako wasemao kwamba sayansi ni ya dunia nzima, na lugha yake ya leo ni Kiingereza; kumshughulisha mtumishi na Kiswahili ni kumwongezea mzigo na kumtenga na wenzake wa nchi nyingine. Hoja hii ina ukweli. Mtafiti asiyesoma Kiingereza hana ufunguo wa maktaba, na majarida mengi ya elimu hii hayapatikani kwa lugha nyingine. Wala hatudai kwamba tasnifu ziandikwe upya. Twadai daraja, na daraja halimwondolei mtu ng’ambo ya pili, humfikisha.

Kwanza, yafaa kila tasnifu ya mazingira ifungwe pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, uandikwao na mwanafunzi mwenyewe, usomwe na mtahini wa sayansi pamoja na mtu wa lugha, kisha nakala ipelekwe mahali utafiti ulipofanywa. Mkulima aliyetoa nusu siku yake kujibu maswali astahili kujua jibu lilitoka vipi.

Pili, hojaji itafsiriwe, kisha irudishwe katika Kiingereza na mtu mwingine ambaye hakuiona ya kwanza. Tofauti zitakazoonekana ndizo zitakazomwonyesha mwanafunzi mashimo kabla hajatumbukia. Baada ya hapo aijaribu kwa watu wachache wa mahali hapo, akiwauliza si majibu yao tu, bali pia jinsi walivyolielewa swali.

Tatu, mwanafunzi akusanye maneno. Mwishoni mwa tasnifu na iwepo orodha ya majina ya miti, samaki, udongo, pepo na majira kama alivyoyasikia, pamoja na mahali na maana. Orodha hiyo ipelekwe kwa watunzi wa kamusi na kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa kazi kubwa. Lakini wakati huo biashara ya hewa ukaa haikuwapo, na maneno mengi ya elimu hii yamezaliwa tangu hapo. Wataalamu wa lugha hawawezi kwenda kila delta na kila mbuga. Afisa misitu huenda, maana ndiyo kazi yake.

Na sisi watu wa lugha hatuna budi kuukubali upande wetu. Mara nyingi tumeketi mezani tukabuni neno, tukalitangaza, tukangoja litumike. Wala hatukuuliza kama mkata boriti alikuwa nalo tayari. Mtumishi arudiye chuoni atufikia akiwa amelishika neno hilo mkononi, nasi humpa jingine. Tungefanya vema zaidi kumsikiliza kwanza, ndipo tumfundishe.

Mifano iliyotolewa hapa ni michache, na mingi ni ya pwani na ya Tanzania bara. Wasomaji walioko Kivu, Bujumbura, Kampala na Lamu watakuwa na yao, na pengine itayapinga haya tuliyoyasema. Nataraji wataileta, ili lugha ya elimu hii ipimwe na wengi kabla haijaandikwa katika mikataba ambayo watoto wetu watatakiwa kuitimiza.